Kichanga na Kalenda ya Handeni

Siku niliyokabidhi funguo za maabara, ninyi mnaobaki na kazi hii mliniomba niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye miongozo ya kazi, na mkaahidi kuyasoma. Nawajua. Mtasoma mwanzo na mwisho, kwa hiyo mambo ya maana nimeyaweka katikati. Vyeo sitavitaja maana sikuvipata: niliingia katika shule hii ya Korogwe nikiwa mtunza maabara, nikatoka nikiwa mtunza maabara, na kati ya siku hizo mbili nimevunja chupa nyingi kuliko ninavyokumbuka. Nitawaeleza habari za darubini, za daftari, na za nyota moja changa niliyoitazama kwa miaka ishirini na sita. Nitawaeleza pia jinsi nilivyokaribia kumharibia jina mtu mwaminifu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Mengine yote mkiyasahau, hilo lishikeni.

Siku ya kwanza niliteremka kutoka kwetu Vugiri nimevaa sweta. Asubuhi ya Vugiri ni ukungu na baridi, na mama hakukubali mwanawe aende kuripoti kazini akitetemeka. Nilipofika Korogwe sweta lilikuwa kiunoni na jasho limeshafika kwenye barua ya ajira. Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Ngonyani, mwalimu wa fizikia, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima. Na kambini ndiko alikozaliwa, kwenye nyumba za mstari za shamba la mkonge kule Ngombezi, mjukuu wa mtu aliyetoka Songea kuja kukata mkonge kwa muda mfupi akasahau kurudi. Aliniambia kazi yangu ni kuosha vyombo vya kemia, kupanga vifaa na kutunza stoo.

"Kitu chochote kichafu humu ndani," alisema, "ni chako."

Nikatii. Kwenye stoo nilikuta kasha refu la mbao, na ndani yake bomba jeupe lenye unene wa ndoo, limejaa vumbi. Chini kabisa ya bomba palikuwa na kioo cha mviringo kilichofifia. Nikafungua skrubu, nikakitoa, nikachota maji, nikatafuta sabuni ya unga na stilwaya. Mkono ulikuwa umeshainuka Mwalimu alipotokea mlangoni.

"Dada Esta! Weka chini hiyo stilwaya!"

Nikaiweka.

"Rudi nyuma. Tena. Hapo hapo. Hicho siyo kikaango."

"Lakini ni kichafu, Mwalimu."

"Kichafu kinaona. Ukikikwaruza umekipofusha. Hicho ndicho kioo cha darubini."

Akanieleza kwamba darubini ile ililetwa na wafadhili, ikatumika jioni moja kuwaonesha wageni mwezi, kisha ikafungiwa stoo. Alipotambua kuwa nimekitoa kioo salama bila kufundishwa na mtu, alikaa juu ya stuli akacheka mpaka akafuta macho. "Kwa kuwa umeonesha nia ya kuisugua," alisema, "kuanzia leo ni yako." Ndivyo nilivyoingia kwenye elimu ya nyota. Wakati ule nilidhani nimeadhibiwa.

Kwa hiyo la kwanza ni hili: vumbi kidogo kwenye kioo halina neno. Pulizia kwa pampu ya mpira, kisha ondoa mikono yako. Watu wachafu hawajawahi kuua darubini hata moja hapa shuleni. Ni sisi wasafi wa kuogopwa.

Kazi yenyewe ilikuja mwaka uliofuata, kwa barua. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu, binti mdogo tuliyemwita Daktari kabla hata hajaupata huo udaktari, alikuwa akichunguza nyota changa. Aliandikia watu wengi akiwaomba wamtazamie nyota moja tu, kila jioni isiyo na mawingu, tangu vuli inapokatika hadi masika yanapoanza. Msimu wa kwanza waliitikia wengi. Msimu wa pili tulibaki wawili, sisi na mwanamke mmoja wa Handeni, ambaye nitamfikia.

Jina la vitabuni la nyota ile ni herufi na Kilatini. Sisi tuliiita Kichanga. Kiko katika kundi la nyota liitwalo Ng'ombe, njiani kati ya Kilimia, ambacho babu zenu walikitazama kujua msimu wa kulima, na lile jicho jekundu la Ng'ombe mwenyewe. Kwa macho matupu hukioni.

Watu huniuliza nyota inawezaje kuwa changa, nami huwajibu kwa jiko la mkaa. Jiko likiwashwa, mwanzoni linafuka moshi, linarusha cheche, mara linawaka upande mmoja, mara unadhani linazimika. Hapo huinjiki sufuria. Unangoja mkaa ukolee, na ukishakolea moto unatulia, unapika maharage mpaka yaive bila kuugusa. Jua letu ni mkaa uliokolea. Limeshafika kwenye kile ambacho wataalamu wanakiita mfuatano mkuu, zilipo nyota zinazochoma hidrojeni katikati yao kwa utulivu, miaka mabilioni. Kichanga hakijafika huko. Bado kinasinyaa kutoka kwenye wingu lililokizaa, joto lake linatokana na kule kusinyaa, na kimezungukwa na sahani ya gesi na vumbi ambayo pengine siku moja itakuwa sayari. Gesi ikikiangukia, kinang'aa. Vumbi likipita mbele yake, kinafifia. Hakuna ajuaye leo kitafanya nini, na ndiyo raha yake.

Namna ya kukitazama nilifundishwa na Mwalimu Ngonyani uwanjani nyuma ya maabara, saa mbili usiku, wanafunzi wakiwa prepo. Unakaa gizani dakika ishirini macho yazoee. Tochi unaifunga karatasi nyekundu ya biskuti, maana mwanga mweupe unafuta dakika zako zote ishirini. Kisha unatafuta Kichanga na nyota mbili za jirani ambazo mwangaza wake unajulikana, Jirani Mkali na Jirani Hafifu. Usikikodolee macho. Tupa jicho pembeni kidogo, kwa kuwa pembe ya jicho inaona vitu hafifu kuliko katikati yake. Halafu jiulize Kichanga kinafanana zaidi na jirani yupi, na kwa kiasi gani, uandike namba. Namba zenyewe zinakwenda kinyume: inavyozidi kuwa kubwa, ndivyo nyota inavyozidi kufifia. Wengi wenu mlikwama hapo. Fikirieni nafasi za darasani. Wa kwanza ndiye anayeng'aa, na wa arobaini na tano mnamjua.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haijali moshi. Mwezi wa pili watu wanachoma mashamba kungojea masika, anga la Handeni lote linakuwa rangi ya chai, lakini moshi ule unampaka jirani sawasawa na Kichanga.

Kesi ngumu ya miaka ya mwanzo haikuwa angani, ilikuwa mtaani, Manundu. Mfanyabiashara mmoja alifungua duka la vifaa vya ujenzi jirani na shule, akatundika taa nyeupe iliyotazama uwanja wetu. Nikaenda kumwomba aizime nusu saa kila jioni.

"Mama, hiyo taa ni ya wezi."

"Na sisi tunatazama nyota."

"Basi wezi nao watatazama duka langu."

Nikamwalika aje aone. Alikuja amevaa shati la kuendea harusini, akainama kwenye darubini.

"Ndiyo hii? Hii nukta?"

"Ndiyo hiyo."

"Kwa nukta hii nizime taa?"

Nikamwambia nukta ile ni jua linalojengwa. Akainua kichwa. Nilikuwa nimeingia kwenye fani yake bila kujua. "Wamefikia wapi? Msingi?"

"Msingi upo. Lenta bado."

Alizima taa yake kuanzia siku ile. Kila tulipokutana sokoni, baada ya salamu za nyumbani na za watoto, aliuliza kwa sauti watu wakisikia, "Vipi, wameshafunga lenta?" Wengine walidhani najenga nyumba, nimekwama juu ya madirisha.

Sasa nimfikie Bi Mwanaidi. Alikuwa karani wa shamba moja nje kidogo ya mji wa Handeni, na kila siku saa tatu asubuhi alisoma kipimo cha mvua na kuandika. Hakukosa siku hata moja, pamoja na miezi ambayo hapakuwa na cha kusoma. Ni Mzigua, mtu wa ibada, amenizidi miaka kumi na kitu, na mdomo wake haukopeshi. Daktari alimpa darubini ndogo ya miguu mitatu. Mara ya kwanza tulipokutana, Daktari alikuwa ametuita Korogwe kutufundisha, nami nilimwamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Vugiri? Makubwa. Watu wanaoishi ndani ya mawingu wanapewa darubini kubwa, sisi tunaoliona anga tunapewa mtoto wake."

Alikuwa na haki. Mawingu ya Usambara yakiamua kushuka, Korogwe tunakaa hata juma zima bila kuona nyota. Handeni ni kukavu. Ndiyo maana Daktari alitaka vituo viwili, na ndiyo maana aliweka sheria moja tu: namba zako usimwambie mwenzako mpaka msimu uishe na madaftari yakutane. Mwalimu Ngonyani aliieleza kwa njia yake. "Mashahidi wakikaa pamoja kabla ya kesi," alisema, "mahakama ina shahidi mmoja."

Misimu kumi na moja niliishika sheria hiyo. Msimu wa kumi na mbili niliivunja, na kilichonivunjisha ni furaha.

Kichanga kilikuwa na tabia ya kupanda na kushuka polepole, majuma kwa majuma. Jumatatu moja ya mwezi wa pili niliandika tisa nukta nane, kama kawaida. Jumanne nikaona kumi nukta tatu. Nilidhani ni umande kwenye kioo, nikakagua, hakuna umande. Majirani wako palepale. Jumatano kilikuwa kumi nukta tisa, kimezama chini kabisa, sijawahi kukiona hivyo. Nilipiga kigelegele peke yangu uwanjani, mlinzi akaja mbio na rungu. Mwalimu Ngonyani alikuwa ameshastaafu, hapakuwa na mtu wa kumwambia. Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumatano nilikuwa nimeshamtumia Bi Mwanaidi meseji: "Kichanga kimeshuka! 10.3." Asubuhi ya Alhamisi nikatuma nyingine: "10.9! Umeona?" Hakujibu hata moja. Alhamisi jioni mawingu yakashuka kutoka milimani, yakafunga mpaka Ijumaa. Jumamosi palipofunguka Kichanga kilikuwa kimerudi mahali pake, kimetulia kana kwamba hakijafanya kitu.

Masika yalipoanza, daftari la Handeni likaja na basi, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama kawaida yake. Nililifungua kwa hamu, nikatafuta juma lile. Jumanne, tisa nukta tisa. Jumatano, kumi nukta tatu. Alhamisi, kumi nukta nane. Ijumaa, kumi nukta mbili.

Nilisoma mara tatu. Zilikuwa namba zangu, zimebadilishwa moja moja kidogo, na kila moja imechelewa siku moja. Meseji yangu ya kumi nukta tatu ilimfikia Jumatano, na Jumatano ndipo alipoandika kumi nukta tatu. Ya pili ilimfikia Alhamisi, na Alhamisi ndipo alipoandika ya pili. Hata mtoto wa kidato cha kwanza akinakili kazi ya mwenzake anafanya hivyo, anageuza desimali kidogo ili mwalimu asijue. Nilimpenda yule mama.

Na Daktari alikuwa anasubiri. Kushuka kwa ghafla namna ile ndiko alikokuwa akikutafuta kwa miaka yote, fungu la vumbi kupita mbele ya nyota changa, lakini kituo kimoja kwake kilikuwa tetesi. Ilibidi viwe viwili. Nikimpelekea daftari la Handeni, ataona nilichokiona, atalitupa, na pamoja nalo atatupa misimu yote kumi na miwili ya Bi Mwanaidi, kwa sababu nani atamwamini tena? Nisipompelekea, nitampa sababu gani? Na vyovyote vile itabidi niseme habari ya meseji zangu.

Nikaenda Ngombezi kwa Mwalimu Ngonyani. Alinisikiliza huku anamenya chungwa, ganda moja refu bila kukatika.

"Umemuuliza?"

"Mwalimu, nitamuulizaje mtu mzima kama ameiba?"

"Usimuulize kama ameiba. Muulize alifanyaje kazi." Akanipa nusu ya chungwa. "Na uende na daftari lako pia. Aliyetuma meseji ni wewe."

Kesho yake nikayafunga madaftari yote mawili kwenye mfuko mmoja.

Nilifika Handeni alasiri. Bi Mwanaidi alinikaribisha barazani kwa chai na mihogo ya kuchemsha, akauliza hali ya Vugiri, ya mama, ya mawingu. Nilipoweka madaftari mawili mezani alinitazama usoni, akaacha utani. Nikamwonesha juma lile. Hakuhitaji maelezo. Ni mtu aliyeishi na namba maisha yake yote.

"Unasema nimekunakili."

"Nauliza tu ulifanyaje, Bi Mwanaidi. Nilikutumia zile meseji."

"Nilizifuta." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliona neno Kichanga nikafuta kabla ya kufika kwenye namba. Zote mbili. Nikasema, huyu mtoto leo kapatwa na nini? Sheria anaijua."

Kama alikuwa anasema kweli, basi aliyevunja sheria pale barazani ni mmoja tu, na ndiye aliyekuja kuuliza maswali. Kama hasemi kweli, namba zilikuwa palepale zinatutazama. Alisukuma kikombe chake pembeni. Akasema taratibu kwamba kama Daktari anataka kulitupa daftari alitupe, yeye atarudi kwenye mvua yake, mvua haijawahi kumwita mwizi. Niliona machozi yanamlenga, na mimi yangu yalikuwa hayako mbali.

Kwa kuwa sikujua pa kuangalia, niliangalia daftari. Watu wa mvua wana desturi ya kuandika hali ya anga pembeni, upepo, mawingu, mwezi. Kwenye ukurasa uleule, Jumapili, Bi Mwanaidi alikuwa ameandika: "Mwezi umekaa ubavuni mwa Kilimia." Nikafungua daftari langu, maana nilikumbuka kuulalamikia mwezi ule kwa mwanga wake. Nilikuwa nimeandika vilevile. Lakini mimi niliandika Jumamosi.

"Bi Mwanaidi," nilisema, "mwezi huu sikukutumia meseji yake."

"Mwezi gani?"

Nikamwonesha. Mwezi hauko kama Kichanga, haungoji mtu. Ndani ya siku moja unasogea zaidi ya upana wa ngumi ukinyoosha mkono. Ulikaa karibu na Kilimia jioni moja tu, nasi wawili tumeuona jioni hiyo moja, kila mtu kwa macho yake. Isipokuwa yangu ilikuwa Jumamosi na yake Jumapili. Tukarudi nyuma kurasa, tukatafuta mwezi mwingine, na mwingine. Kila mahali Handeni walikuwa mbele yetu kwa siku moja. Lakini kipimo cha mvua, kwenye daftari lake la asubuhi, tarehe zake zilikuwa sawa na za dunia nzima. Tulitazamana kama mazuzu.

Adhana ya magharibi ikasikika. Akasema nimsubiri, akaenda kuswali. Nilibaki nakodolea yale madaftari. Aliporudi alipita ukutani palipotundikwa kalenda, zile za kuchana karatasi kila siku, na bila hata kuitazama akachana karatasi ya leo, akaikunja, akaitia mfukoni. Ikabaki ya kesho.

"Bi Mwanaidi, kwa nini umechana?"

"Siku imekwisha."

"Saa hii?"

"Jua si limezama?" Alinitazama kwa huruma. "Esta mwanangu, usiku unautangulia mchana wake. Mwezi wa Ramadhani ukiandama jioni, tarawehe tunaswali lini, tunangoja mpaka kesho kutwa? Usiku ule ule. Hivi ndivyo alivyochana marehemu baba, na mimi nachana hivyo. Nikitoka uwanjani saa mbili usiku, naandika tarehe iliyopo ukutani."

Ilimchukua kama pumzi tatu. Kisha akaweka mkono mdomoni.

Nami nikaanza kucheka. Nilicheka kwa aibu, kwa nafuu, kwa furaha ya kumrudisha mtu niliyekuwa nimeshampoteza. Yeye akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Miaka kumi na miwili! Asubuhi mvua yake ilikuwa Jumanne ya watu wote, magharibi akaingia Jumatano peke yake na darubini yake, na sisi Korogwe tukibaki nyuma tukingoja saa sita. Tabia za Kichanga za polepole zilikuwa zimetuficha. Siku moja ndani ya majuma haionekani. Ilibidi kitoto kile kianguke ghafla ili tujue kwamba Handeni siku inaanza mapema.

Niliposhika pumzi nilimwomba radhi. Nilimwomba kwa kutuma meseji, na nilimwomba kwa kumdhania. La kwanza alilisamehe palepale. Kwa la pili alisema, "Hilo utalilipa kwa kazi." Nikalala kwake siku mbili, nikasahihisha kwa penseli nyekundu misimu yote kumi na miwili, kila jioni kuipunguza siku moja, huku yeye akisimama nyuma yangu na kikombe cha chai akinihesabia miezi iliyopita karibu na Kilimia ili kuhakiki. Hatukukuta jioni hata moja aliyosahau kuchana. Kama angekuwa mtu wa kuchana leo na kuacha kesho, daftari lile lingekuwa la kufungia vitumbua. Kwa kuwa alikosea vilevile kila siku, lilisahihishika lote.

Na tulipomaliza juma lile la Kichanga, tuliona zawadi iliyokuwa imejificha. Ile kumi nukta mbili yake ya "Ijumaa" sasa ilikuwa ya Alhamisi, jioni ambayo mimi nilikuwa chini ya mawingu. Mimi nilikiona kinashuka, yeye alikiona kinashuka na kuanza kupanda. Tuliandika barua kwa Daktari, tukaeleza kila kitu, pamoja na meseji zangu, kwa mwandiko wangu. Alipiga simu. Kwanza alinigombeza, haki yangu. Halafu akaomba kuongea na Bi Mwanaidi, na sijui alimwambia nini, ila nilimwona mama wa watu amesimama wima barazani kama anaimba wimbo wa taifa. Alipokata simu alisema tu, "Daktari anasema wamekubali. Vituo viwili."

Miaka iliyofuata ilikuwa ya raha, na raha haina mengi ya kuandika. Mwalimu Ngonyani aliishi kuiona makala ya Daktari yenye majina ya Korogwe na Handeni, akaisoma kwa sauti yake ya kambi mpaka majirani wakatoka nje. Bi Mwanaidi alistaafu mvua lakini si nyota. Kalenda yake anaichana magharibi mpaka leo; alikataa kubadilika, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kwenye jalada la kila daftari ameandika kwa herufi kubwa: TAREHE ZA HANDENI, PUNGUZA MOJA.

Siku yangu ya mwisho kazini iliangukia mwezi wa pili. Mlinifanyia sherehe mchana, mkanipa kitenge na hotuba ndefu kuliko kitenge. Jioni nikiwa nakusanya vitu vyangu maabara, jua limezama tu, simu ikalia.

"Esta mwanangu. Nimeshachana. Umestaafu."

"Bado, Bi Mwanaidi. Kwetu siku inakwisha saa sita usiku."

"Basi hapo katikati una saa tano na ushee. Kwangu mstaafu, kwenu mwajiriwa. Unafanya nini ndani? Toka nje."

Nikatoka. Mlinizunguka uwanjani na tochi zenu za karatasi nyekundu, na ng'ambo ya ukuta taa ya duka ilikuwa imezimwa kabla sijaomba. Nilitupa jicho pembeni, kikaja, nukta ileile. Furaha iliyonijaa sitaweza kuipa namba. Miaka ishirini na sita kwake haifiki hata kupepesa jicho. Mimi nimemaliza kazi na chenyewe hakijaanza yake. Hata lenta haijafungwa. Nikakipima, nikaandika namba, nikaandika tarehe, ya Korogwe.

Kisha nikashika simu nimwambie Bi Mwanaidi kilikuwaje. Mliniona nimeitazama muda, mkadhani nalia. Nikairudisha mfukoni. Atasoma masika, madaftari yakikutana.